Nyumba Isiyo na Ila

Masika yale nyumba yetu ya Kibuta ilinuka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kwenye kijiko. Mama aliyadondosha sikioni mwa mdogo wangu Zuhura, tone moja moja, akaziba kwa pamba, kisha akamwambia alale ubavu. Harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa kuni mbichi na unyevu wa mikeka, ikashika hata kwenye kanzu ya Baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Zuhura mitano. Kila mmoja wetu alikuwa na lake dogo la kumsumbua: mimi funza katika kidole gumba, Mama kiuno, Baba jino la nyuma alilolishindilia karafuu mchana kutwa. Lakini ungepita barazani ukatujulia hali, ungedhani hakuna wenye afya kama sisi kijiji kizima.

Sababu ilikuwa neno moja. Majirani zetu, kama watu wengi wa Pwani, wakisalimiwa hujibu kwanza kwamba hawajambo, ndipo huleta habari yenyewe: sijambo, ila mgongo; au nzuri, ila mtoto kashinda na homa. Anayeuliza huisubiri hiyo ila, maana ndiyo inayomwambia kama aage aende zake au avue viatu aingie ndani. Baba aliipiga marufuku. Alisema ila ni kasoro, na anayemshukuru Mungu kisha akatia ila, ameitia kasoro shukrani yake. Tukikosea alituamuru tutoke nje, tuingie upya na tusalimie upya: hatujambo, alhamdulillahi, basi. Somo hilo nililishika kuliko juzuu zote. Nilimsahihisha hata Mama, naye akajikanda kiuno akiwa amenipa mgongo.

Katikati ya mvua akaja nesi, mama mnene mwenye lafudhi ya bara, kuwaangalia watoto kwenye uwanja wa shule. Sikio la Zuhura lilikuwa limeanza kutoa maji. Mama alikuwa bondeni akipanda mpunga, kwa hiyo nilimpeleka mimi, ushungi wake ukiwa umemfunika hadi kidevuni. Foleni ilikuwa ndefu na mawingu yalikuwa yanafunga.

"Shikamoo, nesi," tulisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Wewe mdogo, hujambo?"

"Sijambo," akasema Zuhura, "ila si..."

Nikamkanyaga. Nilimkanyaga kwa kisigino, juu ya vidole, huku nikimtazama nesi kwa tabasamu. "Hajambo, alhamdulillahi," nikamalizia.

"Hee, watoto wa shehe mna adabu nyie!" Nesi akacheka, akatupungia mkono tupite. "Haya, niletee wanaoumwa, mvua hiyo inakuja."

Tukapita. Njiani Zuhura alichechemea, hakulia, nami nilijisikia nimeiokoa heshima ya nyumba yetu. Baada ya wiki tatu sikio lilitoa usaha, homa ikampanda, Baba akampakia kwenye baiskeli hadi hospitalini Kisarawe. Zuhura alirudi anatembea na anakula. Sikio la kushoto halikusikia tena. Daktari alisema tumechelewa, na Baba alipowaeleza majirani waliokuja kutupa pole alisema ni kudra. Mama alikuwa anapepeta mchele. Zuhura alikuwa amekwisha kumsimulia habari ya foleni.

"Ni kudra, Mwalimu," alisema Mama bila kuinua macho. "Ila Mungu hakumkanyaga mtoto mguu."

Ungo uliendelea kulia. Baba hakumwambia atoke nje aingie upya.

Leo mimi ni mzee wa Mbwawa, nami nafundisha chuo. Magoti yananiuma nikisujudu, maji ya bomba yanakatika nikiwa nimepaka sabuni, na jirani yangu ana redio isiyojua kunong'ona. Nayasema yote hayo kwa sauti, kisha namshukuru Mola, na sijaona hayo mawili yakigombana. Wanafunzi wangu nawauliza mmoja mmoja kabla ya kusoma, nao wananimwagia: chawa, tumbo, kiatu kinabana. Wazazi wanalalamika kwamba napoteza muda wa masomo. Siku hizi mtoto akikohoa mara mbili yupo juu ya bodaboda kwenda zahanati, na ninafurahi kwa ajili yake, lakini furaha yangu ina uchungu. Sisi hatukukosa nesi. Alisimama mbele yetu, akauliza, na mtoto akaanza kumjibu. Tulichokiita subira nyumbani kwetu kilikuwa majivuno, na aliyekilipia alikuwa mdogo kuliko wote.

Zuhura huja kunitembelea kutoka Kibuta, anashukia Maili Moja, na mimi humfuata pale ili nimvushe barabara, maana pikipiki za upande wa kushoto hazisikii. Hajawahi kunilaumu hata kwa mzaha. Mwaka jana tulikaa ukumbini tukimenya mihogo, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, na nilijua nimekaa wapi.

Aliona midomo yangu ikitikisika, akanigeukia. "Unasemaje, kaka? Hebu rudia."

Nikamwuliza kama mpunga umeota vizuri.