Mshumaa wa Nicanor

Meli ya watalii ilipotia nanga bandari ya Progreso, Meksiko, asubuhi, Nicanor, mwosha vyombo wa melini, alipewa saa sita za kushuka kwao. Akafika nyumbani mbio na kuukuta ua wa mamake umejaa abiria walewale aliowaoshea sahani jana, wameletwa kutazama maisha ya kienyeji. Doña Fidencia, mamake, aliyepikia gesi miaka yote, leo kachutama mbele ya mafiga akigeuza chapati za mahindi, moshi unamliza. Ukutani ilining'inia picha ya Nicanor, na chini yake mshumaa unawaka.

“Huyo mwanangu,” aliwaambia wageni, kiongozi wao akitafsiri. “Baharia. Bahari imemmeza.”

Bibi mmoja mgeni akaangua kilio. Nicanor akajipenyeza mbele.

“We mama! Si mimi huyu hapa, mzima?”

Doña Fidencia alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, wala hakuinuka.

“Wazima hupiga simu. Miaka minne, Nicanor! Hata salamu ya Krismasi?”

Nicanor akausogelea mshumaa auzime. Mamake akampiga kofi mkononi.

“Acha! Kaa ule. Huo nitauzima mwenyewe, siku utakayopiga simu.”