Mtu wa Kumi na Mbili Mgongoni mwa Fulana

Oda yangu ya mwisho hapa Guangzhou imenigharimu siku kumi na tisa, skrini mbili za kuchapia badala ya moja, na utulivu wa kustaafu ambao nilidhani nimeshaulipia kila senti. Vijana mnaoingia kazi hii ya uwakala wa mizigo, kwanza mjue nilifundishwaje. Bila mafunzo yale shida hii ingenipita pembeni.

Siku ya kwanza kazini nilisimama Barabara ya Zhanqian, mbele ya majengo ya nguo za jumla, kalamu sikioni. Aliyeniajiri, Tajiri wa Kariakoo, alinipa robota la suruali nilikague. Nikamwambia zimo mia mbili kamili.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara moja, Tajiri."

"Hiyo ni hesabu ya muuzaji. Sasa hesabu ya kwako."

Zilikuwa mia moja tisini na sita.

Baadaye nilihamishiwa Shiling, kwenye masoko ya mikoba, chini ya Meneja wa Ghala, mtu wa Morogoro asiyecheka. Huyo ndiye aliyenifundisha orodha ya mzigo, ile karatasi inayotaja kila kilichomo ndani ya robota. "Usisome kinachouzwa tu," alisema. "Soma na kamba." Nilimwona mchoshi. Nilidumu naye miaka sita, nikafungua ofisi yangu.

Mwaka huu nimeshaifunga ofisi, akapiga simu Neema. Zamani alikuwa mteja wangu wa majaketi kutoka Moshi. Sasa ameolewa Marekani. Ukoo wa mumewe unakutana kumkumbuka babu yao wa kwanza, mzungu aliyevuka milima na mto kwa mkokoteni wa ng'ombe, akakata miti na kujenga kibanda kwenye ardhi aliyoiita tupu. Waliofukuzwa hapo hawakuulizwa kama ilikuwa tupu. Zilitakiwa fulana mia mbili na arobaini, mgongoni majina ya wote waliovuka mto na huyo babu. Mama mkwe wake alituma picha za kitabu cha ukoo.

Kitabu kilisema walivuka watu kumi na wawili. Majina yalikuwa kumi na moja: baba, mama, watoto tisa. Nikahesabu tena, kumi na moja. Nikafungua ukurasa wa pili, kwenye orodha ya vitu alivyokuja navyo: ng'ombe wawili, shoka, sufuria la chuma, mbegu za mahindi, Dina.

Nimeandika orodha za mzigo miaka ishirini na mitatu. Sijawahi kumkuta mtu ndani.

Nikampigia Neema. Akasema atauliza. Kesho yake akapiga.

"Mama, ni mpishi wao. Walimnunua. Mama mkwe anasema hakuwa wa ukoo."

"Mto alivuka, hakuvuka?"

"Alivuka."

"Na oda ni ya waliovuka."

"Mama, chapa kumi na moja. Huyu bibi ndiye anayemlea mwanangu nikiwa kazini. Akinikasirikia, mtoto nitampeleka wapi?"

Nikaenda Kijiji cha Kangle, kwenye karakana ya laoban mmoja, bosi ninayemjua tangu ana cherehani mbili. Skrini, kwa msioijua, ni wavu uliokazwa kwenye fremu. Wino unapita penye maandishi tu, kwa hiyo kuongeza jina ni kutengeneza skrini nyingine. Akachapa za majina kumi na moja, nikazitazama zikikauka. Nikatoka, nikafika kituo cha basi, nikarudi.

"Tengeneza nyingine. Uongeze Dina."

"Herufi nne, bei ya skrini nzima," akasema.

"Nusu."

"Mei you. Nusu hakuna. Mtu mmoja tu huyo, mwache."

"Nikikuletea kitambaa kimepungua mita moja, unaacha?"

"Nakupigia simu nikutukane." Akacheka, akapunguza robo, akachapa fulana nyingine mia mbili na arobaini zenye majina kumi na mawili.

Nilipomweleza Neema kwamba marobota sasa ni mawili, hakunigombeza. "Mtoto ametoka na rangi yangu, Mama," alisema. "Juzi kamuuliza bibi yake mbona kitabuni hakuna mtu kama yeye. Bibi akafunga kitabu." Kisha akaongeza, "Tuma moja. Usiniambie lipi. Mimi sijui kudanganya uso kwa uso."

Nilidhani kustaafu ni kukaa. Nakaa dakika tano, nainuka, nazunguka marobota, nakaa upande wa pili. Nimeyapima mara mbili, uzito ni ule ule. Nikituma la majina kumi na moja, nimepitisha mzigo nikijua umepungua, jambo ambalo sikulifanya hata kwa suruali. Nikituma la majina kumi na mawili, mimi niko huku nakunywa chai, na atakayelifungua mbele ya mama mkwe ni Neema, mtoto akiwa amesimama hapo hapo anasoma majina.

Gari linakuja Alhamisi saa nne asubuhi, na nafasi niliyolipia ni ya robota moja. Nyie mlio kazini sasa, wenye watoto na wakwe, nishaurini: nimkabidhi dereva lipi?