Mizero Haendi Buffalo

Mukabutera akikasirika hapigi kelele. Anakunja mikono ya sweta, anavuta kiti, anakaa mbele yako, na hapo ndipo unapotamani angepiga kelele. Tunakaa naye ngazi moja hapa Whitehall, mlango wake unatazamana na wangu, na siku za kazi mimi hupanda gari lake kwenda ghala la viatu, tunakopanga maboksi sote wawili. Siku moja msimamizi alimkatalia mama mjamzito kwenda chooni. Mukabutera alizima mkanda wa mashine kwa mkono wake mwenyewe, akavuta kiti, akaketi. Mama yule alikwenda chooni.

Ni mjane, mtu wa milima ya Kivu Kusini, na watoto wake wote wana nyumba zao. Kwa hiyo kaka yake, Rutebuka wa Louisville, alipompigia simu kumwambia anamtumia binti yake, chumba kilikuwepo.

"Bon, dada, Mizero atakuja kukaa kwako," alisema. "Masomo ya huku haiko muzuri. Kwako kumetulia."

Mukabutera hakuuliza kitu. Kwao mtoto wa kaka ni wako, na shangazi anayeuliza sababu ni kama amemfungia mtoto mlango. Mimi ni Mrundi, si wa ukoo wao, kwa hiyo niliuliza. Msichana wa miaka kumi na sita anatolewa shule katikati ya muhula, na hakuna anayesema kwa nini?

"Ni mtoto ya ndugu yangu," alinijibu. "Niulize nini tena?"

Mizero akaja. Msichana mrefu, mpole, anasalimia kwa mikono miwili, na akiosha vyombo anaimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya. Tulimpenda wote. Kisha akaanza kupotea humo humo ndani ya nyumba. Akitoka shule anakwenda moja kwa moja chumbani na mlango unafungwa. Siku moja anakula kama mkulima, siku mbili zinazofuata hagusi sahani. Ukimuuliza kitu anajibu kwa Kiingereza, "I'm fine," na macho yake yako kwingine. Chumba kilinukia embe. Shangazi yake akamwambia apunguze marashi, maana marashi ni ghali.

Alikuwa na kitu kidogo cha rangi ya waridi, mfano wa flashi ya kompyuta. Mukabutera alikiokota chini ya kiti cha gari, akakifuta kwa kitenge chake, akakichomeka ukutani karibu na televisheni kipate moto, akidhani ni cha masomo. Mizero akamshukuru. Nikiikumbuka asante ile damu inanichemka hadi leo, na si kwa sababu ya mtoto. Kuna mtu mzima mahali fulani, ana ofisi na kiyoyozi, alikaa akafikiri jinsi ya kuingiza mafuta ya bangi ndani ya kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mwanafunzi, akakipaka rangi ya peremende na kukitia harufu ya embe. Mtu yule anajua vizuri anamtengenezea nani. Usiniambie hajui.

Jumamosi moja mchana tulisikia kilio kwenye maegesho ya magari. Mizero alikuwa amesimama peku katikati ya magari mawili, mikono kifuani, anatazama madirisha ya ghorofa moja baada ya jingine.

"Banasema juu yangu," alimwambia shangazi yake. "Bote. Banani-record. Tantine, roho inataka kutoka."

Akatapika kwenye gurudumu. Mukabutera alimshika kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akampigia Rutebuka, akaweka sauti ya nje. Rutebuka alisikia kilio cha binti yake kabla hajasalimiwa.

"Imemurudilia?" aliuliza.

"Nini imemurudilia?"

Tulisikia anafunga mlango upande wa kule.

"Rutebuka. Nini imemurudilia?"

Ndivyo tulivyoambiwa, tumesimama kwenye maegesho na mtoto anatetemeka. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa ameanguka hivyo hivyo shuleni Louisville. Daktari wa huko alisema ni mafuta ya bangi anayovuta kwenye vepu, ile sigara ya umeme, akampangia mshauri wa vijana wenye tatizo hilo. Hawakwenda hata mara moja. Rutebuka ni mzee wa kanisa, na mke wa mchungaji ana jirani anayefanya kazi kwenye jengo lile lile la mshauri. Badala ya mshauri, akamkatia mtoto tiketi ya basi.

"Nilifikiri akibadilisha mahali itaisha," alisema. "Donc, sikutaka kukusumbua."

"Kunisumbua," Mukabutera alisema, akakata simu.

Hospitalini wauguzi waliuliza kama tunataka mkalimani wa simu. Mizero akakataa kabisa, machozi yakimtoka. Wakalimani wa lugha yetu wanahesabika, na huwezi kujua kama sauti iliyoko kwenye simu ndiyo itakayosoma matangazo kanisani Jumapili. Kwa hiyo mtoto alieleza kila kitu kwa Kiingereza, na shangazi yake akabaki anatazama midomo inavyokwenda. Niliuona uso wake. Mtu anakulea, anakufulia, halafu habari ya kuugua kwako anaipata mgeni kwanza, kwa sababu watu wako wote wana masikio ya umbea. Wala simlaumu Mizero kwa hilo.

Tuliporuhusiwa, Mukabutera aliingia kwenye gari akakataa kuliwasha.

"Sasa niambie miye," alisema. "Na hiyo Kiswahili yako mubaya, hivyo hivyo."

Mizero akamwambia. Alianzia kwenye choo cha shule, kwa rafiki. Mwanzoni ilimsaidia kulala. Baadaye bila hiyo hakulala kabisa, na sasa akiivuta anasikia watu wanamsema. Daktari alimwambia mafuta yale yana nguvu kwa mbali sana kuliko majani ya bangi wanayoyajua wazee, na kwamba ubongo wa umri wake bado unajengwa. Akiendelea, sauti zile zinaweza kukaa zisiondoke. Kuacha kutamtesa mwanzoni, atakosa usingizi na atakuwa na hasira, ndiyo maana asiache peke yake. Kuna mshauri, kila Jumanne.

"Na ukiacha?"

"Banasema inaweza kuisha."

"Basi njo tutaacha," Mukabutera alisema, akawasha gari.

Alibadilisha zamu kwa ajili ya Jumanne, na mimi nikajifunza kupanda basi. Haikuwa rahisi. Mizero alibamiza milango, alivunja sahani, alimwita shangazi yake polisi. Alificha vepu nyingine ndani ya boksi la pedi, ikapatikana. Mukabutera alidhani kila kitu kimeharibika, lakini mshauri hakushtuka. Alisema kuteleza si kuanguka, waendelee tu kuja. Polepole mtoto akarudi mezani. Asubuhi moja nilimsikia kupitia mlangoni akiimba.

Wiki ile ile Rutebuka akaja kutoka Louisville na mzee Ezéchias wa kanisani kwake. Walikuja kumchukua Mizero wampeleke Buffalo, kwa binamu yao Kwizera, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda. Kisa cha maegesho kilikuwa kimeanza kuzunguka kwenye simu za akina mama.

"Kule hawamujue," Rutebuka alieleza.

Mukabutera aliwapa chai ya maziwa, maana adabu ni adabu. Nilikuwa nimeketi pale, aliniita nikae. Halafu akakunja mikono ya sweta, akavuta kiti.

"Haendi," alisema. "Ana daktari hapa. Ana Jumanne yake. Mukimutoa sasa munamuua."

"Mama, mtoto ni wa baba yake," mzee Ezéchias alisema kwa upole. "Wewe ni shangazi tu."

"Shangazi tu? Mulipomutuma kwangu nilikuwa shangazi muzima. Mulinipa mugonjwa, mukanificha ugonjwa. Nilichaji ile kitu kwa mukono yangu, Rutebuka. Kwa umeme ya nyumba yangu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa walikuwa wanayaficha kwa kuyapakia kwenye gari. Nilitaka kusema hivyo, lakini Mukabutera alikuwa ameshamsogezea kaka yake simu.

"Piga Kwizera. Mwambie unamuletea nini."

Rutebuka akapiga, kwa shingo upande, sauti ikiwa nje. Kwizera alipokea kwa furaha.

"Mumulete, ndugu, chumba iko," alisema. "Na miye minaomba kitu. Mukigeuka, mubebe Gatsinzi, mutoto wangu, mpaka Louisville. Anahitaji mahali papya kidogo."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mzee Ezéchias aliweka kikombe chini. Rutebuka aliitazama simu kama hajaiona maishani mwake.

"Muulize sababu," Mukabutera alisema.

Hakuuliza.

"Basi mupe ya kwako."

Kwizera akaanza kuita haloo, haloo. Ndipo Rutebuka akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwizera, sikia. Mizero anavuta bangi. Mu ile kavepu. Kichwa yake iligonjwa, mara mbili. Miye nilificha."

Tulisikia televisheni ya huko Buffalo ikizimwa. Halafu Kwizera, mwanaume mzima wa kiwandani, akaanza kulia.

"Gatsinzi pia," alisema. "Na hapa hakuna mutu anajua."

Mizero alikuwa amesimama mlango wa chumba chake. Sijui alikuwepo tangu lini. Hakuwa analia, alikuwa amekasirika, na kwa hasira ile alifanana na shangazi yake kabisa.

"Papa," alisema, "kumbe unaweza kusema. Sasa ulinipandisha mu basi juu ya nini?"