Nilichoambiwa na Mama Yangu

Sifa zote ni zako, Mungu Baba, uliyenilisha maharage ya milima hii nikiwa mtoto, ukanirudisha kuyala tena nikiwa sina meno ya kutosha. Nakushukuru hata kwa haya ninayoyaandika, ingawa bado sijaona ndani yake cha kushukuru.

Nilifundisha falsafa chuo kikuu kwa miaka mingi, mbali na Kibondo. Nilianzia seminari, kisha nikaendelea na masomo, na swali nililolibeba lilikuwa moja tu mpaka nilipostaafu: mtu akikuambia jambo ambalo hukuliona, je, unalijua, au unamwamini tu? Niliandika kitabu kuhusu hilo, na makala ambazo wasomaji wake wote wangetosha kwenye mabenchi mawili ya kanisa letu. Msimamo wangu ulikuwa mkali: kuambiwa si kujua. Wanafunzi walinitania mlangoni.

"Profesa, umekula?"

"Nimekula."

"Una uhakika?"

Nilicheka nao. Maisha yalikuwa mazuri.

Nilipostaafu nilirudi Kibondo, kijijini Busunzu, kwenye kiwanja cha mama yangu. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa muhogo, aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Mama yake alikimbia kutoka Burundi akiwa mjamzito, akapokelewa na mama yangu, ambaye alikuwa mkunga wa kijiji. Mimi wakati huo nilikuwa bwenini seminari. Nikirudi likizo, tukipalilia, mama alikuwa akiniambia, "Mtoto yule nilimpokea mimi. Kitovu chake nimekizika nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba." Kwetu Buha, nchi ya Waha, pale kilipozikwa kitovu chako ndipo kwenu. Hakuna anayebishana na hilo.

Siku moja likaja zoezi la uhakiki wa raia. Mtu aliyetiliwa shaka alitakiwa aletwe na wazee watatu waseme kwa kiapo kwamba alizaliwa hapa. Jirani yangu alikuja kwangu na sahani ya muhogo wa kuchemsha, akapiga magoti, akanisalimu taratibu kama ilivyo desturi.

"Baba Mwalimu, wewe uanze. Wakikusikia wewe, wengine watakuwa wanaitikia tu kama kwaya."

"Nitaanza, mwanangu," nikamjibu.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya kijiji. Ofisa alikuwa kijana mpole kutoka mkoa mwingine, aliyeniamkia shikamoo kabla ya kufungua faili. Niliapa kwa jina la Mungu. Akaniuliza, "Mzee, unajua kwamba huyu mama alizaliwa hapa?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilikuwa nimetoka kulitaja jina la Mungu, na niliogopa kulitumia kwa jambo ambalo sikuliona.

"Niliambiwa na mama yangu," nikasema. "Siwezi kusema najua."

"Kwa hiyo hujui?"

"Kwa maana kamili, hapana."

Mzee mwenzangu, tuliyechunga naye mbuzi utotoni, aliinuka kwenye dawati.

"We! Mama yako alikuwa mwongo?"

"Hapana."

"Basi sema ndiyo!"

"Sikuwepo."

"Na siku uliyozaliwa wewe ulikuwepo, umekaa na daftari?"

Watu walicheka sana. Jirani yangu hakucheka. Alikuwa akinitazama mdomo, kama anayengoja nimalize sentensi.

Wazee wawili walionifuata walisema wanajua, bila kusita. Ofisa aliwasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwenye kusoma hana uhakika. Ninyi mmeupata wapi?" Akaandika kwamba uraia wake haukuthibitika.

Wiki iliyofuata nilimfuata ofisa kwenye ofisi aliyopangiwa, nikamwomba anibadilishie maneno yangu.

"Mzee wangu, ulisema kwa kiapo. Tangu siku ile kuna kipya ulichokiona?"

"Hakuna. Nimefikiri tu."

"Basi kwa maneno yako mwenyewe haitoshi."

Nilimsihi aje nyuma ya nyumba ya mama, naye akaja. Migomba ilikuwa imeng'olewa siku nyingi. Palikuwa na udongo na banda la kuku. Akanipa pole, akaondoka.

Jirani yangu hakungoja kufukuzwa. Alikuja kuniaga asubuhi, wajukuu wamebeba majembe.

"Baba Mwalimu, sikulaumu. Ulisema kweli."

Afadhali angenitukana.

"Utafikia kwa nani huko Burundi?" nikamuuliza.

"Sijui. Hapa kulikuwa na walioambiwa habari zangu. Kule hakuna hata aliyeambiwa."

Walishuka kuelekea Mabamba, wakavuka mpaka kwenda nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Nimewauliza wachuuzi wa mpakani mara nyingi. Hakuna aliyemwona. Shamba lake limelimwa na mwingine, na mihogo imestawi.

Jumapili nasimama kanisani na wenzangu kukiri imani. Hakuna hata neno moja ninalolikiri pale ambalo nililiona kwa macho yangu. Yote niliambiwa, na wa kwanza kuniambia alikuwa mama yangu, kwa mdomo uleule ulionieleza habari za kitovu. Yale niliyaamini mpaka nikayajengea maisha. Hili lilihitaji neno moja tu, nikashindwa. Kitabu changu kiko kabatini. Ningekiandika upya, lakini sina nguvu, na hakitamrudisha mtu. Nangoja tu, na Mungu amekuwa mvumilivu kwangu.

Wewe unayesoma, Bwana akulinde wewe na nyumba yako. Siku ambayo hutakuwa na chochote cha kuonyesha, akuinulie mtu wa kusema anakujua, naye asisite. Amina.