Risala Iliyogeuzwa Nyuma

Hii habari siisimuliagi shuleni, maana wapo walimu wanaonicheka mpaka leo, na wana haki, aibu niliitafuta mwenyewe.

Mie nafundisha sekondari moja ya huku Temeke, na jioni naandikaga riwaya ya vijana, jua linazimika, watu wazima wanakimbia, watoto wanabaki peke yao na dunia (msiniulize imefika wapi, bado iko sura ya kwanza). Siku ya mahafali ya kidato cha nne nikapewa kazi ya kuchapa risala. Mgeni rasmi, mfanyabiashara mmoja, alishasema atatutimizia jambo moja tu tutakaloomba, na sie humo kwenye risala tuliomba vyoo vya wasichana, maana shule nzima wana matundu mawili, moja halina mlango. Karatasi ofisini zimeisha, nikaona ya nini kwenda stesheneri, nikachapa risala kwenye mgongo wa kurasa za riwaya yangu, karatasi mbili, basi.

Msomaji alikuwa Zuhura, binti wa kidato cha nne. Akasoma shukrani, akasoma mafanikio, akafika "changamoto zinazotukabili ni hizi zifuatazo", kisha akafanya ambacho angefanya mtu yeyote, akageuza karatasi.

"Jua lilizimika Jumatatu, saa nne asubuhi."

Nikajua nimekwisha. Ila wazazi wametulia tu (risala zetu mnazijua, kila mwaka kilio). Maji yakakatika, wakatikisa vichwa. Walimu wakatoweka mmoja mmoja, mama mmoja akasema, "Kweli kabisa." Mgeni rasmi akatoa kalamu. Zuhura alipofika "mkuu wa shule akawa wa kwanza kukimbia, na funguo za stoo ya chakula mfukoni," wazazi wakapiga makofi, na mkuu wetu, mzee wa watu, mpole, akageuka taratibu akaniangalia.

Hapo ndo ningesimama niseme karatasi imekosewa. Lakini ningeulizwa ya mkuu kaandika nani, na mkataba wangu ulikuwa mezani kwake unasubiri saini. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu (viatu vyenyewe havina kamba). Zuhura akasoma "mwisho wa sura ya kwanza", akaona ndo mwisho, karatasi ya pili yenye ombi letu hakuigusa, akamkabidhi mgeni rasmi zote, naye akazikunja akatia mfukoni, na vyoo vyetu humo humo.

"Wanangu, nimewasikia," akasema. "Suala la jua nalibeba mimi. Nawaletea taa za sola."

Mkuu angeweza kumsahihisha, ila baada ya yale ya funguo nani angemsikiliza.

Jioni Zuhura akanifuata, joho bado mwilini. "Madam, nilidhani mmebadilisha. Sie tunaondoka, ila wadogo zetu?" Kesho yake mkuu hakunigombeza, aliniuliza tu kama kweli namwona hivyo, nikasema hapana, akasaini mkataba. Niliumia zaidi.

Siku hizi risala naandika kwa mkono, kwenye karatasi mpya, na nimeapa ikienda kombo nasimama hapo hapo, liwalo na liwe. Barua za vyoo nilizomwandikia mgeni rasmi hazijajibiwa. Taa zilikuja, mafundi wakazifunga kila mahali, mpaka kwenye lile tundu la wasichana lisilo na mlango.