Babu Aliyejenga Ukuta Uliosimama

Kwa ushenga, kuanzia Tarime mpaka Mugumu, wa kunizidi hajazaliwa. Lakini Jumamosi nusura nivuliwe cheo.

Fundi uashi mmoja wa Tarime alinituma Manchira nikamwombee mchumba. Nikamwambia baba wa binti kwamba babu wa babu wa kijana ndiye aliyejenga lile boma la Mjerumani kule Ikoma. Mzee akachukua fimbo. "Twende nikalione. Nikiridhika, ataolewa."

Siku hizi boma lenyewe ni gofu. Ukuta mmoja umesimama, mnene, wenye matundu ya bunduki, membamba kwa nje na mapana kwa ndani. Mwingine umelala kwenye nyasi. Mzee akaugonga ule uliosimama, jiwe kwa jiwe, kama anayechagua dume mnadani.

"Huu alijenga nani?"

"Babu wa kijana," nikawahi.

"Na ule ulioanguka?"

"Ule walijenga Wajerumani wenyewe, mzee wangu."

Akazamisha mkono tunduni mpaka begani, akautoa. "Mjerumani hakugusa jiwe hapa. Alishika kiboko tu. Ule ulioanguka ni wa babu yangu, aliupanga vibaya makusudi. Kumbe nyie mlimjengea vizuri?"

Nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea njiani. Ndipo mzee akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Binti aolewe. Kwetu tumejaa wabomoaji, tunahitaji fundi."

Nimebakiwa na kazi moja: kumsimulia kijana habari za huyo babu, maana naye hajawahi kumsikia.