Mashine Iliniteua Administrateur

Wakati ule wa vita, hapa Kamina mtu alifungwa kwa kudhaniwa tu kwamba anatamani cheo. Mimi, karani wa ofisi ya territoire, yaani wilaya, nilikuwa naingiza programu katika kompyuta mpya. Ikaniuliza jina, nikaandika Ilunga. Papo hapo ikajibu: "Ilunga, administrateur."

Administrateur wetu, mkubwa wa territoire nzima, alikuwa chumba cha pili na walinzi wenye bunduki. Nikafunika kioo kwa koti langu.

Akaingia. "Ilunga, unaficha nini?"

"Patron, minyi sikuomba kiti yako. Njo mashine ilinipatia."

Akafunua, akasoma. Kumbe alijua kompyuta mpya humpa mtumiaji wake wa kwanza cheo hicho. Akawaita walinzi: "Kuyeni musalimie mukubwa mupya."

Wakanipigia saluti. Mikono yangu ilikuwa imeshainuka juu.